Baba ana saratani ya tezi dume, ana sukari, na moyo nao umechoka: tuanze na lipi?

Wasomaji wangu, mwezi huu barua za tezi dume zimekuja tatu, zote za huku kwetu nyanda za juu, na zote mgonjwa ana kitu kingine pembeni kinachosumbua. Nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu familia nyingi ziko hapo hapo ilipo hii.

Barua kutoka Uyole, Mbeya

Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu ana miaka 73, mwezi wa tatu alianza kuamka usiku mara tano sita kukojoa, tukajua ni sukari maana ana kisukari mwaka wa 14 huu, lakini hospitali wakampima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 14, wakatoa vinyama wakapeleka maabara, majibu yakasema saratani ya tezi dume, Gleason 3+4=7. Akapiga MRI wakasema bado iko ndani ya tezi haijatoka. Sasa shida ni kwamba baba ana presha pia, na mwaka jana alilazwa kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, wakampiga eko wakasema moyo umepanuka na unasukuma kwa asilimia 38, na kreatinini ya figo iko juu kidogo. Kaka yetu wa Dar anataka afanyiwe oparesheni itolewe yote tupumzike. Dada anasema mionzi. Daktari mmoja alitaja sindano, mwingine akasema ikibidi atolewe korodani, na kuna binamu ameshaleta dumu la dawa ya mizizi. Baba mwenyewe hasemi kitu, anakaa tu anachambua mbegu za viazi. Mama tusaidie, tuchague ipi?
Binti wa Uyole

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana na baba. Pole na kikao cha familia pia maana najua vikao hivyo vinavyokuwa, kila mtu anampenda mzee na kila mtu anavuta kwake.

Nimefanya kazi ya unesi wodi ya upasuaji miaka 31, mimi sio daktari wa baba yako na sijamshika mgonjwa, lakini barua yako nimeisoma mara tatu na kitu kimoja kimenikaa. Nyote mnauliza dawa ipi inaua hii saratani. Sijaona hata mmoja anayeuliza ni ugonjwa upi kati ya hii yote utamwangusha baba kwanza. Na ukiniuliza mimi kwa hayo uliyoandika, sio tezi dume. Ni moyo. Moyo mzima kila ukipiga unasukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo, asilimia 55 kwenda juu, wa baba uko 38 na mwaka jana tu ulishamlaza.

Sasa hebu tuiangalie hiyo saratani yenyewe. Gleason ni alama ya ukali wa saratani, inaanzia 6 mpaka 10, baba ana 7 ya 3+4, hiyo ni ya katikati, na ile 3 kutangulia ni afadhali kuliko 4+3 maana sehemu kubwa ya kinyama ni ile isiyo na hasira sana. PSA 14 nayo ni ya katikati. Ikiwa bado ndani ya tezi, saratani ya namna hii inatembea kwa miaka, haitembei kwa wiki. Kuna utafiti mkubwa Uingereza unaitwa ProtecT, waligawa wanaume 1,643 makundi matatu, wengine oparesheni, wengine mionzi, wengine wakawa wanafuatiliwa tu, majibu ya baada ya miaka 15 yakatoka 2023: waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa karibu 3 katika kila 100, na makundi yote matatu hayakupishana sana hapo. Walipopishana ni kwenye kusambaa, waliofuatiliwa tu ilisambaa kwa kama 9 katika 100, wa oparesheni na mionzi kama 5. Nisikudanganye, wale walikuwa na miaka 50 mpaka 69 wakati wanaanza, walikuwa na afya ya kuhimili matibabu yoyote kati ya yale, na wengi saratani yao ilikuwa ya chini kuliko ya baba, kwa hiyo usichukue namba zao ukambandika yeye. Ninachotaka uone ni kwamba muda wa kufikiria mnao. Hakuna gari linalowaacha kesho asubuhi.

Oparesheni. Namheshimu kaka yako, "itolewe tupumzike" ni neno la mtu anayeogopa, lakini kutoa tezi nzima sio sawa na kukwangua tezi kwa ajili ya mkojo, ni kazi ya masaa kadhaa chini ya usingizi, damu inapotea, alafu moyo unaosukuma 38 unatakiwa uhimili yote hayo na figo zikae sawa na kidonda kipone kwenye mwili wenye sukari. Madaktari wengi duniani wanatumia kigezo hiki, kwamba matibabu makali ya kuondoa saratani iliyo ndani ya tezi yanamlipa mtu anayetegemewa kuishi miaka 10 au zaidi. Mimi sijui siku za baba yako, hazijui mtu, ila kwa moyo ule sidhani kama mtapata daktari wa usingizi atakayesaini kirahisi, na akikataa msimchukie.

Korodani na sindano nizungumze pamoja kwa sababu kazi yake ni moja, zote zinaondoa homoni ya kiume ambayo ndio chakula cha saratani hii. Alieligundua hilo ni Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941, akapewa tuzo ya Nobel 1966, na mpaka leo kwa saratani iliyosambaa kwenye mifupa ni tiba ya nguvu sana, nimeona mzee aliyeletwa amebebwa kwenye blanketi akatoka anatembea. Lakini ya baba haijasambaa. Kwa saratani iliyo ndani ya tezi, kumpa mtu sindano peke yake bila mionzi, tafiti hazijaonyesha kwamba anaishi zaidi, wakati gharama yake mwilini ipo na ni kubwa kwa mtu kama yeye: sukari inapanda, mafuta yanaongezeka tumboni, misuli inapungua, mifupa inalegea, damu inashuka kidogo, na tangu 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru maboksi ya sindano hizo yaandikwe onyo la kisukari na magonjwa ya moyo. Yaani unachukua tatizo la tatu unaliweka juu ya la kwanza na la pili. Na korodani ikishatolewa hairudi, sindano angalau unaweza kusimamisha.

Hapa nina kidonda changu mwenyewe. Baba mkwe alikuwa anachomwa sindano ya tezi kila mwezi kwenye kliniki moja, Jumanne, na kliniki ya sukari anaenda Alhamisi, hospitali ile ile, faili mbili, siitaji jina. Miezi minne sukari inapanda, wale wa Alhamisi wanamgombeza anakula sana, mama mkwe akamnyima hata ndizi, kumbe hakuna aliyewaambia wa Alhamisi kwamba mzee anachomwa sindano. Alifika 22 ndio tukagundua, na mimi ni nesi, nilikuwa naishi naye nyumba moja. Ndio maana nawaambia, chukueni dawa ZOTE za baba, za presha, za sukari, za moyo, pamoja na hilo dumu la binamu, wekeni kwenye mfuko mmoja mwende nao kila kliniki, na kila daktari asome alichoandika mwenzake.

Mionzi. Kama mnataka kuitibu saratani kwa nia ya kuiondoa, kwa baba mimi ningeweka macho huku kuliko kwenye kisu. Hamna usingizi, hamna kidonda, analala kwenye meza dakika chache anatoka. Ila ni kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa, ratiba fupi inayotumika sehemu nyingi ni vipindi 20 yaani wiki nne, ya zamani inafika wiki saba nane. Mkojo utamsumbua zaidi kwa muda, haja kubwa inaweza kuwa ya harakaharaka, na wachache baadae wanapata damu kwenye choo. Kwa saratani ya katikati mara nyingi wanaongeza sindano za homoni miezi minne mpaka sita, sasa hapo ndio swali lenu la kumuuliza daktari wa saratani uso kwa uso: kwa moyo wa baba, hiyo sindano ni lazima, au mionzi peke yake inaweza kutosha? Msiogope kuliuliza. Hilo ni swali halali kabisa na jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu.

Alafu kuna safari. Ocean Road, hospitali ya saratani yenye mionzi, iko Dar, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, mtu anayemeza lasiksi ya kukojoa ukimkalisha kwenye basi kutwa nzima, mlima Kitonga ule, miguu inaning'inia, atafika amevimba. Mkipata uwezo wa ndege Songwe mpandisheni, mkikosa kateni safari alale Iringa au Morogoro, na asiache dawa "ili asikojoe njiani", hilo kosa wazee wanafanya sana. Na mjue atafikia kwa nani hiyo wiki nne, kama ni kwa kaka basi kaka ndiye atakayeamka naye saa kumi na moja, akubali kabisa kabla. Kuhusu pesa, mulizeni bima inabeba nini, na kama bima haipo nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, ana zaidi ya 60, msione aibu.

Njia ya mwisho haikutajwa na mtu kwenye barua yako, ni kufuatilia. Sio kuacha. Anapima PSA kila miezi mitatu mpaka sita, mnaangalia inapanda kwa kasi gani, na tiba inaanza pale saratani inapoanza kumsumbua au ikianza kukimbia. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu hii ni tiba kamili, watu wanaidharau kwa sababu haina kisu wala mashine.

Kwa hiyo ukinibana niseme, angekuwa baba yangu ningefanya hivi: miezi miwili mitatu ya kwanza ningeipeleka yote kwenye moyo na sukari. Daktari wa moyo amwangalie upya, dawa zipangwe vizuri, kipimo cha sukari cha miezi mitatu kifanyike, figo zirudiwe. Diklofenaki na ndugu zake za maumivu ya mgongo mnazonunua duka la dawa mzitupe kabisa, zinaumiza moyo na figo kwa pamoja. Dumu la mizizi pia mrudishieni binamu kwa heshima, figo ambayo imeshaanza kuchoka haina nafasi ya kitu ambacho hamjui kina nini ndani. Wakitaka kumpiga CT skani yenye dawa ya kuchoma mshipani, semeni mapema kwamba kreatinini iko juu na anameza metfomini kama anameza. Huko kuamka usiku kukojoa kuna dawa, tamsulosini, inasaidia, lakini inashusha presha akisimama ghafla, na ukijumlisha dawa zake za presha mzee anaweza kudondoka njiani kwenda choo cha nje usiku na baridi yenu ya Uyole ya mwezi wa saba, mwekeeni kopo chumbani. Baada ya hapo rudieni PSA na eko, ndio mwamue kati ya mionzi na kufuatilia. Moyo ukiwa umenyanyuka, mionzi. Ukiwa umebaki vile au umeshuka, kufuatilia.

Na baba aulizwe! Mwanangu barua nzima umenieleza anachotaka kaka, dada, daktari na binamu. Mzee anayechambua mbegu za viazi anafikiria msimu ujao, labda anachotaka ni kuweza kwenda shamba na kutokutembea na mpira wa mkojo, labda anachoogopa ni mambo ya ndani na mama, ambayo hawezi kuyasema mbele ya mabinti zake hata siku moja. Tafuteni mwanaume mmoja anayemwamini, mdogo wake au rafiki yake wa kanisani, aingie naye kwa daktari, ninyi mkae nje.

Mkiona miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, mgongo unauma sana usiku, au mkojo umegoma kabisa, hapo hamsubiri kliniki, ni siku hiyo hiyo.

Barua kutoka Mafinga

Mama habari za kazi. Nina miaka 61, natumia dawa za ARV mwaka wa 12 na virusi havionekani kabisa. Sasa nimekutwa na saratani ya tezi dume, PSA 62, imeshaingia kwenye nyonga na uti wa mgongo. Wamenipa uchaguzi, sindano kila mwezi au kutoa korodani. Wenzangu wananiambia dawa za saratani na ARV haziivani nitakufa haraka. Naomba jibu la kweli.

Jibu

Ndugu yangu, hongera kwa miaka 12 ya kumeza dawa bila kuacha, wewe umeshaonyesha kwamba unaweza. ARV hazikuzuii kutibiwa. Sindano za homoni kama gosereli na hizi ARV za kawaida za TLD (tenofovi, lamivudini na dolutegravi kwenye kidonge kimoja) hazigombani. Zinazogombana ni dawa za saratani za hatua za mbele: enzalutamidi inaweza kuishusha dolutegravi kwenye damu, na dripu ya dosetakseli inakuwa kali mno kwa mtu aliye kwenye ARV zenye ritonavi, kwa hiyo siku wakikuandikia chochote kipya wataje ARV zako kwa jina, usifiche hata kama nesi ni jirani yako. Kitu kingine ambacho watu hawasemi, ile tenofovi iliyomo kwenye TLD inapunguza ugumu wa mifupa kidogo kidogo na kukosa homoni ya kiume nako kunapunguza mifupa, sasa wewe mifupa ndiko saratani ilikokaa. Uliza kuhusu kalsiamu na vitamini D, pimwa figo, na tembea kila siku, kubeba gunia au mbao usibebe tena.

Nimemwambia binti wa Uyole kwamba kutolewa korodani hakumfai baba yake. Kwako naona tofauti. Imeshasambaa, kwa hiyo homoni lazima ishuke na ishuke kwa maisha. Oparesheni ile ni ndogo, wanakupiga ganzi sehemu ya chini tu, homoni inashuka ndani ya masaa, na hutakuwa na hesabu ya kutafuta sindano na nauli kila baada ya siku 28, maana ukiruka dozi homoni inarudi na saratani inakula. Ukichagua sindano ni sawa pia, ila ya kwanza kabisa huwa inapandisha homoni kabla ya kushusha, na wewe unayo kwenye uti wa mgongo, hakikisha wamekuanzishia vidonge vya bikalutamidi kabla. Hili usilisahau, lirudie kwa daktari hata mara mbili. Najua kutoa korodani sio jambo dogo kwa mwanaume, kaa na mkeo mliongee mkiwa wawili.

Barua kutoka Tukuyu

Shikamoo bibi. Babu ana miaka 86, alipata kiharusi, anasahau hata majina yetu. Wiki iliyopita mkojo uligoma wakamwekea mpira, wakapima damu PSA ikaja 21. Wajomba wanataka apelekwe Mbeya mjini akatolewe kinyama haraka. Anameza aspirini.

Jibu

Marahaba mjukuu. PSA aliyopimwa siku ya mpira haina maana sana, mkojo kugoma, mpira wenyewe na maambukizi vyote vinaipandisha bila saratani kuwepo. Subirini kama wiki sita, apimwe mkojo kwanza, kama una maambukizi atibiwe, ndio PSA irudiwe. Na kabla ya kinyama waulizeni wajomba swali moja: kikitoka kwamba ni saratani, tutamfanyia babu nini ambacho hatutamfanyia sasa? Kama jibu ni hakuna, msimpandishe gari. Kutoa kinyama kuna damu na kuna maambukizi, na kwa aliyepata kiharusi aspirini haisimamishwi kiholela. Ikija kuonekana mifupa inamuuma hapo mtarudi kwa daktari na mazungumzo yatakuwa mengine. Kwa sasa mwambieni daktari ajaribu kumtoa mpira akiwa ameshaanza tamsulosini siku mbili tatu, asishindwe kukojoa, na mpira ukibaki ubadilishwe kwa wakati, mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, mumpe maji ya kutosha.